Unataka Kuuza Malighafi za Sabuni? Anza na Mizani

Kila mwaka mitihani ya kidato cha nne ikishakwisha, swali linakuwa lile lile: sasa nifanye nini huku nasubiri matokeo? Wengine hukaa kijiweni, wengine hutumwa shamba kwa mjomba. Na siku hizi lipo kundi jingine: vijana wanaohudhuria semina ya siku mbili ya kutengeneza sabuni, wakatoka na daftari lililojaa mapishi. Miezi miwili baadaye mtaa mzima una watu watano wanaouza sabuni ya maji ya kijani, ile ile. Bei inashuka, na kila mmoja anamnunia mwenzake.

Msomaji mjanja hujiuliza jambo moja hapo. Hawa watano wote wananunua wapi mafuta, rangi, chumvi na pafyumu? Mara nyingi jibu ni "mjini", yaani nauli ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kilo mbili tatu za vitu. Basi mtu wa sita, badala ya kupika sabuni, anaweza kuwauzia wale watano. Hiyo ndiyo biashara tunayoizungumzia leo. Haihitaji mtaji mkubwa, na somo la kemia ulilokuwa ukilisinzia darasani litakulipa. Ila ina upande mmoja unaoweza kumpofusha mtu au kumharibia mtoto koo kwa maisha yake yote. Wauzaji wengi hawausemi upande huo. Sisi tutausema.

Sabuni mbili, kemia mbili

Kwanza ujue unawauzia watu gani. Kuna sabuni ya mche, au ya kipande. Hii hutokana na mafuta kukutana na kostiki soda, ambayo mwalimu wako anaiita haidroksaidi ya sodiamu. Mafuta yanavunjika, na unapata sabuni pamoja na gliserini. Kama umefika kwenye somo la esta, hapo ndipo lilipo. Baada ya kumiminwa kwenye vibao na kukatwa, sabuni iliyotengenezwa bila kuchemshwa hukaushwa kama wiki 4 kabla ya kutumika.

Sabuni ya maji ya kisasa ni kitu kingine kabisa. Hapo hakuna mafuta ya kupikia. Mtu anachukua salfoniki asidi, ambayo ni nzito na ya kahawia kama asali iliyoungua, anaituliza kwa magadi ya unga ya kiwandani au kwa kostiki, anaongeza slesi kwa ajili ya povu, chumvi ya kuifanya iwe nzito, kisha rangi na pafyumu. Ni kuchanganya tu. Ndiyo maana kila mtu anaikimbilia, na ndiyo maana soko lake limejaa.

Ukitazama vitu hivyo vyote utaona vinagawanyika mara mbili. Kuna visivyo na ubaya mkubwa: mafuta ya mawese, ya nazi, ya alizeti, chumvi, rangi, pafyumu, vibao vya kumiminia, ndoo, glovu. Na kuna vinavyounguza: kostiki na salfoniki.

Ushauri wetu, na tunausema waziwazi hata kama hautakufurahisha: anza na kundi la kwanza peke yake. Kostiki na salfoniki waachie wenye kibali mpaka na wewe uwe nacho.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Anayefanya biashara ya kemikali za namna hii anatakiwa asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi za kanda. Kwa hiyo yule anayefungua gunia la kostiki barazani na kupimia watu kwa kopo, hata kama amefanya hivyo miaka mingi, usimuige. Kama hujafika miaka 18, usajili wa aina yoyote ufanywe na mzazi au mlezi, na duka liwe lake kisheria.

Mafunzo yapo. SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, limewafundisha watu wengi kutengeneza sabuni, na ofisi zake zipo mikoani. Nenda hata kama huna mpango wa kupika sabuni. Muuzaji asiyejua mteja wake anafanya nini na bidhaa, huyo ni mbeba mizigo tu.

Kostiki inafanya nini mwilini?

Kumbuka tulivyosema: kostiki ikikutana na mafuta inayageuza kuwa sabuni. Sasa mwili wako nao una mafuta. Ule utelezi unaousikia kostiki ikigusa vidole ni ngozi yako inaanza kugeuzwa sabuni. Tena inayeyusha protini, kwa hiyo haikai juu juu. Inachimba kwenda ndani. Kwenye jicho ndiyo mbaya zaidi. Inapenya haraka, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa tone moja lililoruka.

Habari ya mtoto mdogo ndiyo inayotufanya tuandike makala hii katika gazeti la afya. Kostiki iliyoyeyushwa ndani ya maji haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Ukiiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, ni maji. Mtoto wa miaka mitatu anatoka kucheza ana kiu, anaiona chini ya meza. Akimeza funda moja tu, koo linaungua ndani. Akipona, kovu linakaza njia ya chakula, na huenda akarudishwa hospitali tena na tena kupanuliwa koo ili aweze kumeza hata uji. Wakati huo chupa imegharimu shilingi ngapi? Imeokotwa jalalani.

Kwa hiyo hata kama huuzi kostiki, wateja wako wanayo nyumbani, na wewe ndiye mtu wanayezungumza naye kila wiki. Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa hivi:

"Mwanangu, nina kostiki yangu ya maji hapa ndani ya ndoo. Niuzie hiyo chupa tupu ya maji niihifadhi."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, chupa ya maji hapana. Mjukuu wako akiikuta atakunywa. Nina dumu hili la plastiki nene, mfuniko wake unakaza, na nimelibandika karatasi imeandikwa SUMU. Liweke juu, pahali pa kufunga na ufunguo."

"We mtoto una maneno! Haya, shilingi ngapi?"

Umeuza dumu. Na mtoto wa watu yuko salama.

Mteja akikuuliza kostiki aipate wapi, mwelekeze kwa muuzaji aliyesajiliwa, na umwambie achukue kifungashio kilichofungwa kiwandani na chenye maandishi yake. Wateja watano wakiagiza pamoja nauli inagawanyika. Unaweza kuwaandalia orodha ya majina, lakini mzigo uende kwao moja kwa moja, usilale kwako.

Ajali ikitokea

Bandika haya ukutani dukani, kwa herufi kubwa. Kostiki au salfoniki ikigusa ngozi: vua nguo zilizolowa, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Kama ni unga au vipande vikavu, vikung'ute kwanza kisha maji. Ikiingia jichoni: maji safi, mengi, kwa dakika 30, huku kope zimefunguliwa kwa vidole, halafu mbio hospitali. Usipake siki, wala ndimu, wala dawa ya meno. Watu wanasema eti asidi inaua kostiki. Darasani kweli, lakini juu ya kidonda unaongeza joto na maumivu.

Aliyemeza asitapishwe. Kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Asukutue mdomo, ateme, apelekwe hospitali saa ile ile, na mwende na kile chombo chenyewe ili daktari aone amemeza nini.

Kuna mambo mawili madogo ambayo mapishi ya kwenye madaftari huyasahau. La kwanza: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, kwa sababu joto lake linaweza kuchemsha na kurusha mchanganyiko usoni. La pili ni sufuria. Hizi sufuria zetu nyingi ni za alumini, na kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stenlesi. Na mwiko uliokorogea sabuni usirudi kwenye ugali, tafadhali.

Utajiri uko kwenye kilo, si kwenye lita

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kitakutofautisha na muuzaji wa kawaida. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Gramu 1,000 za mafuta ya mawese zinahitaji gramu 141 hivi. Alizeti gramu 134. Nazi gramu 183, kwa sababu molekuli zake ni fupi, kwa hiyo katika kilo moja zipo nyingi zaidi. Watengenezaji makini hupunguza kostiki kwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki na kulainisha ngozi, na ili pawe na nafasi ya kukosea kidogo. Maji huwa kama mara mbili ya uzito wa kostiki.

Tatizo liko wapi? Mafuta yanauzwa kwa lita, hesabu iko kwa kilo, na watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Siyo. Lita moja ya mafuta ya mawese ina uzito wa gramu 910 hivi. Dumu la lita 20 ni kilo 18.2, si 20.

Chukua kalamu tufanye pamoja. Kilo 18.2 zinahitaji gramu 2,566 za kostiki; ukiondoa asilimia 5 unabaki na 2,438. Jirani yako aliyehesabu dumu lake kuwa kilo 20 atapata 2,820, na hata akiondoa asilimia 5 atatia 2,679. Hiyo ni gramu 113 juu ya kile mafuta yake yanachoweza kumeza. Zile gramu 113 hazipotei. Zinabaki ndani ya miche, na zinamsubiri mama anayefua nguo za mtoto.

Sabuni ya namna hiyo inachubua mikono. Mtu akichubuka mara mbili anaacha kunawa kwa sabuni, anarudi kwenye maji matupu. Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza kuhara kwa takriban theluthi moja, na hatuna haja ya kukukumbusha kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kikasambaa mikoa mingi. Sabuni mbaya si hasara ya mtengenezaji peke yake.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni mizani. Iwe inayosoma gramu, na kwa kuwa unaitumia kuuzia, iwe imekaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Mteja akinunua mafuta, yapime mbele yake kwa kilo na umwandikie kwenye karatasi: mafuta kiasi gani, kostiki gramu ngapi, maji kiasi gani. Karatasi hiyo ni bure. Lakini ndiyo itakayomrudisha kwako, maana sabuni yake sasa haichubui tena na yeye hajui kwa nini zamani ilikuwa ikichubua.

Weka pia karatasi za kupimia pH. Litimasi nyekundu haitakusaidia, kwa kuwa sabuni yoyote ya kweli itaigeuza bluu. Unataka ile yenye rangi nyingi na namba. Sabuni ya mche iliyokauka vizuri husoma 9 hadi 10. Ikivuka 11, isiuzwe. Na ule mtindo wa kulamba sabuni kwa ulimi kuona kama "inapiga shoti"? Waachie wenyewe.

Daftari la fedha

Hesabu hizi ni za mfano tu. Bei za kwenu waulize wenyewe sokoni. Tuseme dumu la mawese la lita 20 umelipata kwa shilingi 80,000 na nauli 4,000. Jumla 84,000. Unauza lita shilingi 5,000. Wengi hupiga haraka haraka: 20 mara 5,000 ni laki moja, faida 16,000, safi! Ngoja kwanza. Nusu lita inabaki kwenye kuta za dumu na kumwagika kwenye mpira. Umeuza lita 19.5, yaani 97,500. Faida ni 13,500. Halafu kaja rafiki wa dada yako akachukua lita 3 kwa mali kauli, akahama mtaa. Toa 15,000. Sasa una hasara ya 1,500, na hujalipa pango wala mfuko mmoja.

Mali kauli ndiyo inayoua maduka mengi ya vijana kuliko uchache wa mtaji. Ukiwa na sura ya huruma, mpe kaka yako kazi ya kupokea fedha.

Faida nzuri kidogo iko kwenye vitu vidogo: pafyumu na rangi. Mtengenezaji wa mtaani hataki chupa kubwa, anataka vijiko viwili. Lakini uwe na pafyumu ya sabuni hasa. Manukato ya kujipulizia yana spiriti, nayo yanaweza kuufanya mchanganyiko uganda ghafla ndani ya ndoo kabla haujamiminwa. Na rangi nyingi za vyakula hugeuka zikikutana na kostiki: ulitaka waridi, unapata kahawia. Jaribu kila rangi kwa kipande kidogo kabla hujamuuzia mtu.

Watakuja pia watu kuuliza vitu viwili ambavyo tunakuomba ukatae. Kimoja ni fomalini, ambayo imo kwenye mapishi mengi ya sabuni ya maji ili isiharibike. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na anayeipumua kila siku ni huyo huyo mtengenezaji, chumbani kwake, dirisha limefungwa. Afadhali atengeneze sabuni kidogo inayokwisha haraka. Kingine ni "dawa ya kung'arisha", yaani malighafi ya mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini. Zebaki inaharibu figo, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lakini hata asingekuwepo mkaguzi, hicho siyo kitu cha kuweka karibu na mafuta ya nazi.

Zoezi

Fanya peke yako au na klabu yenu shuleni, kisha mwonyeshe mwalimu wa kemia. Mama mmoja amekuja na lita 10 za mawese na kilo 2 za mafuta ya nazi. Anataka kupunguza kostiki kwa asilimia 5. Mwandikie karatasi yake. Kisha hesabu mara ya pili ukijifanya umesahau kugeuza lita kuwa kilo, uone tofauti.

Jibu: mawese ni kilo 9.1, ambazo zinataka gramu 1,283, nazi gramu 366, jumla 1,649. Ukipunguza asilimia 5, kostiki ni gramu 1,567 na maji lita 3.1 hivi. Aliyesahau kugeuza atatia 1,687, yaani gramu 120 zaidi: ile akiba yote ya asilimia 5 imekwisha, na gramu 38 za kostiki zimebaki zinatafuta mafuta ya kula.